Mbegu ya dukani, GMO na jembe la mkono: mkulima wa Litapunga ajue nini kabla ya kupanda

Kila mwaka kuanzia Oktoba, wakulima wa kata ya Litapunga, katika Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo mkoani Katavi, husafisha mashamba huku wakiulizana watapanda mbegu gani. Wapo wanaotegemea mbegu waliyotunza darini tangu mavuno yaliyopita. Wapo wanaokwenda Mpanda mjini kununua mfuko wa mbegu dukani. Na wapo wanaosita katikati, kwa sababu wamesikia kwamba mbegu za dukani "ni GMO", kwamba zinaua ardhi, au kwamba ukizila utaugua.

Kusita huko kuna gharama. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Ukikosea mbegu au ukichelewa kupanda, hakuna vuli wala masika ya pili ya kukuokoa. Unasubiri mwaka mzima. Ndiyo maana katika makala haya tunaeleza taratibu: bayoteknolojia ni nini, GMO ni nini, sheria na serikali ya Tanzania zinasemaje, nchi nyingine zimeona nini, na kitu gani kati ya hivyo kinaweza kumsaidia mkulima wa jembe la mkono msimu huu.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Watu wakizungumzia mahitaji ya chakula duniani, ni rahisi kudhani ni habari za mbali. Novemba 2022 idadi ya watu duniani ilifika bilioni 8. Mwaka 2023, kwa makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, watu wapatao milioni 733 walikabiliwa na njaa.

Lakini tuangalie hapa nyumbani. Katika sensa ya mwaka 2012, mkoa wa Katavi ulikuwa na watu 564,604. Katika sensa ya mwaka 2022, tulihesabiwa watu 1,152,958. Kwa miaka kumi tu tumeongezeka mara mbili, kwa kuzaliana na kwa kupokea wakulima na wafugaji kutoka mikoa mingine. Hakuna mkoa wa Tanzania Bara uliokua kwa kasi kama wetu.

Watu wakiongezeka mara mbili, chakula nacho lazima kiongezeke. Njia ni mbili tu. Ya kwanza ni kufyeka pori na kufungua shamba jipya, kama tulivyozoea. Ya pili ni kupata magunia mengi zaidi kwenye ekari ile ile. Njia ya kwanza inafika mwisho: miombo inapungua, vyanzo vya maji vinakauka, na ugomvi wa mipaka kati ya wakulima, wafugaji na hifadhi unaongezeka. Kwa hiyo swali la mbegu na teknolojia ni swali la kama watoto wetu watakuwa na shamba la kulima na pori la kupata kuni na mvua.

Tutofautishe mbegu

Mkanganyiko mkubwa unatokana na kuita kila mbegu ya mfuko "GMO". Tuzitenganishe.

Mbegu ya kienyeji ni ile ambayo wakulima wenyewe wameichagua na kuirithisha kwa miaka mingi. Imezoea udongo na mvua za mahali, na watu wanaipenda kwa ladha na kwa kukobolewa vizuri. Mara nyingi mavuno yake ni madogo, lakini haikuangushi kabisa mwaka mbaya.

Mbegu ya uchavushaji huru imeboreshwa na watafiti kwa kuchagua mimea bora kizazi baada ya kizazi. Staha na TMV-1 ni mifano ya mahindi ya aina hii ambayo wengi wanaifahamu. Faida yake ni kwamba ukichagua magunzi mazuri katikati ya shamba, unaweza kutunza mbegu na kuipanda tena kwa misimu kadhaa bila kupoteza sana.

Mbegu chotara hupatikana kwa kuoanisha wazazi wawili waliochaguliwa. Katika shamba la mbegu, mistari ya mzazi wa kike hukatwa mbelewele ili ichavushwe na mzazi wa kiume peke yake. Mtoto anayezaliwa ana nguvu kuliko wazazi wote wawili. Hakuna maabara ya kubadili vinasaba hapo. Ni chavua, upepo na mikono ya watu. Kasoro yake ni moja: punje utakazovuna ukizipanda tena, watoto hawafanani na mzazi na mavuno hushuka. Ndiyo maana chotara hununuliwa upya kila msimu. Wengi huona mavuno yakishuka mwaka wa pili wakasema "hii ni GMO". Siyo. Ndivyo chotara ilivyo.

GMO ni kitu kingine kabisa. Hapo watafiti huchukua kinasaba, yaani ile sehemu ndogo ndani ya chembe hai inayobeba sifa fulani, kutoka kwa kiumbe kimoja na kukiingiza kwenye mmea, hata kama viumbe hao wasingeweza kuoana kwa njia ya kawaida. Mfano maarufu ni mahindi au pamba ya Bt. Bt ni kifupi cha jina la bakteria anayeishi udongoni, anayetengeneza protini inayoua viwavi. Wakulima wa kilimo hai humtumia bakteria huyo huyo kama dawa ya kupulizia. Katika mahindi ya Bt, kinasaba cha bakteria kimewekwa ndani ya mhindi, hivyo bungua anayetoboa bua anakula sumu yake mwenyewe.

Na bayoteknolojia? Hili ni jina la jumla la kutumia viumbe hai, au elimu ya viumbe hai, kutengeneza kitu chenye manufaa. Kuchachusha togwa ni bayoteknolojia ya mababu zetu. Kukuza mche wa mgomba ndani ya chupa maabara, kupima virusi kwenye shina la muhogo na kutumia bakteria kulisha soya nitrojeni, zote ni bayoteknolojia. GMO ni tawi moja tu la mti huo mkubwa. Anayesema anakataa bayoteknolojia yote kwa kuogopa GMO anakata mti mzima kwa sababu ya tawi moja.

Tanzania imesimama wapi

Tanzania iliwahi kufanya majaribio ya mahindi ya GMO. Mwaka 2008 ulianza mradi ulioitwa WEMA, uliozihusisha Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na Afrika Kusini, kwa lengo la kupata mahindi yanayovumilia ukame. Mradi ulikuwa na mikono miwili. Mkono mmoja ulitumia uzalishaji wa kawaida wa chotara. Mkono wa pili ulitumia vinasaba vilivyoingizwa: kimoja cha kuvumilia ukame na kingine cha Bt dhidi ya bungua.

Kwa miaka mingi mkono wa pili haukuweza kufika shambani hapa nchini. Kanuni za mwaka 2009 zilimbebesha dhima ya madhara yoyote kila aliyehusika na GMO, hata kama hakufanya uzembe. Kanuni hizo zilipolegezwa mwaka 2015 kwa ajili ya utafiti, jaribio la kwanza lilipandwa Oktoba 2016 katika kituo cha Makutupora, Dodoma, ndani ya uzio na chini ya ulinzi.

Halikudumu. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliamuru majaribio ya Makutupora yasitishwe na mabaki yake yateketezwe, baada ya matokeo kuanza kutangazwa bila idhini. Januari 2021, Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kusitishwa kwa utafiti wa GMO na kuagiza ukaguzi wa mbegu zinazoingia nchini uimarishwe.

Maana yake kwa mkulima wa Litapunga ni hii: hakuna mbegu ya mahindi ya GMO iliyoidhinishwa kuuzwa kwa mkulima Tanzania. Mfuko halali wa mbegu, wenye lebo ya Taasisi ya Uthibiti wa Ubora wa Mbegu, TOSCI, ni wa chotara au wa uchavushaji huru. Kinachopaswa kukuogopesha dukani ni mbegu feki: punje za kawaida zilizopakwa rangi na kufungwa kwenye mfuko wa kughushi. Hizo ndizo zinazomwacha mkulima na shamba tupu mwezi Januari.

Na jambo moja linasahaulika. Ule mkono wa kwanza wa WEMA, wa chotara za kawaida, ulizaa matunda. Mbegu kadhaa ambazo majina yake huanza na herufi WE zilisajiliwa na kuingia sokoni. Zinavumilia ukame kiasi na hazina kinasaba cha kuingizwa. Mradi uliozua mabishano makali zaidi kuhusu GMO uliwapa wakulima mbegu kwa njia ile ile ya zamani ya kuoanisha mimea.

Majirani wameona nini

Kenya ilipiga marufuku kuingiza vyakula vya GMO Novemba 2012. Mwaka 2019 iliruhusu pamba ya Bt. Oktoba 2022, katika ukame mkali, serikali ya Rais William Ruto iliondoa marufuku. Wakulima na watetezi wa haki wakaenda mahakamani, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikaamuru utekelezaji usimame hadi rufaa isikilizwe. Zambia, jirani yetu wa kusini, mwaka 2002 ilikataa msaada wa mahindi ya GMO wakati watu wake walikuwa na njaa. Nigeria imekwenda upande mwingine: iliruhusu kunde za Bt mwaka 2019 na mahindi ya GMO mwaka 2024.

Kuna somo zuri kutoka Burkina Faso, na linatugusa kwa sababu Katavi nayo inalima pamba. Wakulima wa huko walianza kupanda pamba ya Bt kwa wingi mwaka 2008. Viwavi walipungua, dawa za kupulizia zikapungua, mavuno yakapanda. Lakini nyuzi za pamba hiyo zilikuwa fupi kuliko za pamba yao ya zamani iliyosifika kwa ubora, na wanunuzi wakatoa bei ya chini. Kuanzia mwaka 2016 kampuni za pamba nchini humo ziliiacha. Teknolojia ilifanya kazi iliyotumwa, lakini soko lilikuwa linapima kitu kingine.

Somo la pili linatoka Afrika Kusini, ambako mahindi ya Bt yamelimwa tangu miaka ya mwisho ya 1990. Wakulima waliagizwa kupanda ukanda wa mahindi ya kawaida pembeni ya yale ya Bt, ili bungua wasiowahi kuonja sumu wabaki na kuoana na wale wachache waliostahimili. Wengi hawakufuata. Kufikia mwaka 2007, watafiti walikuwa wameripoti bungua wasiouawa na protini ile. Mdudu alijifunza. Hata kinasaba bora kabisa kinachoka kama shamba halitunzwi kwa nidhamu.

Hofu zipi zina msingi

Kuhusu afya, Shirika la Afya Duniani linasema vyakula vya GMO vilivyoko kwenye soko la kimataifa vimepita tathmini za usalama na havitarajiwi kuleta madhara kwa mlaji, na kwamba kila zao lipimwe peke yake badala ya kuhukumiwa kwa jumla. Madai kwamba kila anayekula GMO anapata saratani au utasa hayana ushahidi.

Lakini mkulima ana haki ya kuuliza maswali mengine, na haya yana uzito.

La kwanza ni la chavua. Mahindi huchavushwa na upepo. Mashamba yetu ya ekari mbili tatu yanapakana, mara nyingi kwa njia ya mguu tu katikati. Jirani akipanda GMO, chavua yake itafika kwako bila kubisha hodi. Ukiwa unatunza mbegu ya kienyeji, itachanganyika. Katika shamba la hekta mia tano mtu anaweza kuacha nafasi ya kutenganisha, Litapunga hawezi.

La pili ni la umiliki. Mbegu nyingi za GMO zina hakimiliki ya kampuni, na mkulima haruhusiwi kurudia kupanda alichovuna. Katika mradi wa WEMA, ilikubaliwa kwamba wakulima wadogo wasilipie ada ya kinasaba. Hilo ni jema, lakini ni makubaliano ya mradi mmoja. Nchi ikiamua siku moja kuruhusu mbegu hizi, mkulima anapaswa kujua mapema nani anaishika mbegu, kwa bei gani, na nani atamlipa ikileta hasara.

La tatu ni la soko. Kabla ya kubadili mbegu, jua mnunuzi wako anataka nini. Burkina Faso imetufundisha.

Hesabu ya magunia

Sasa tufanye hesabu ambayo watetezi na wapinzani wa GMO wote huiruka.

Wastani wa mavuno ya mahindi Tanzania ni chini ya tani 2 kwa hekta, yaani chini ya magunia 8 ya kilo 100 kwa ekari. Marekani, ambako zaidi ya asilimia 90 ya mahindi ni GMO, wastani ni kama tani 11 kwa hekta. Ukisikia hivyo tu, utasema siri ni GMO.

Lakini rudi nyuma. Miaka ya 1930, mkulima wa Marekani alivuna kama tani 1.5 kwa hekta, chini kidogo ya tunavyovuna sisi leo. Kisha zikaja mbegu chotara, mbolea, mashine na huduma za ugani. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, kabla GMO haijaingia mashambani mwaka 1996, mavuno yao yalikuwa yamefika kama tani 8 kwa hekta. Ufaransa, ambayo imezuia mahindi ya GMO kulimwa tangu 2008, kwa kawaida huvuna tani 8 hadi 10.

Maana ya hesabu hii ni kwamba sehemu kubwa ya pengo kati ya gunia letu na la wenzetu ilizibwa kwa vitu vinavyojulikana: mbegu bora, rutuba, kupanda kwa wakati, palizi, na soko la uhakika. GMO ilikuja juu ya vitu hivyo. Ukiipanda kwenye udongo uliochoka, kwa kuchelewa na bila palizi, itakupa mavuno ya udongo uliochoka. Kinasaba hakipalilii.

Pale jembe peke yake linaposhindwa

Hata hivyo tusiseme kilimo cha kawaida kinatosha kwa kila kitu. Yapo matatizo ambayo jembe na bidii haviyafikii, na hapo ndipo bayoteknolojia, hata isiyo GMO, inahitajika.

Tuanze na muhogo. Magonjwa mawili yanautesa: batobato, inayokunja majani na kuyatia mabaka ya njano, na michirizi ya kahawia, ambayo ni hatari zaidi kwa sababu juu mmea unaweza kuonekana mzima, lakini ukichimba unakuta muhogo umeoza ndani kwa madoa makavu ya kahawia. Yote mawili ni virusi, na mkulima huyasambaza mwenyewe bila kujua kwa kumpa jirani pingili zenye ugonjwa. Hakuna dawa ya kupulizia inayoua virusi ndani ya shina. Kinachosaidia ni maabara: kupima mashina, kukuza mche safi kutoka kwenye ncha changa ya mmea ndani ya chupa, kisha kuzalisha pingili safi kwa wingi. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, inafanya kazi hiyo na imetoa aina zinazovumilia magonjwa haya. Ukitaka kupanda muhogo, chanzo cha pingili ni muhimu kuliko idadi yake.

Pili ni sumukuvu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu zaidi ya 60 waliugua na wapatao 20 walifariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Inatengenezwa na kuvu anayeishi udongoni na kushambulia mahindi na karanga, mazao mawili tunayolima sana. Kupika hakuiondoi. Bayoteknolojia imeleta njia inayoitwa Aflasafe: punje za mtama zilizopakwa kuvu wa ukoo ule ule, lakini wasiotengeneza sumu. Zikimwagwa shambani wiki mbili hadi tatu kabla ya mazao kuchanua, kilo 4 kwa ekari, kuvu wema huwahi nafasi na kuwanyima wabaya mahali pa kukaa. Aina ya Tanzania ilisajiliwa mwaka 2018, na kuvu wake walitoka katika udongo wa hapa hapa nchini.

Tatu ni rutuba. Soya ikipakwa bakteria rafiki kabla ya kupandwa hujitengenezea nitrojeni kutoka hewani. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kiliwahi kutengeneza bidhaa ya aina hiyo iliyoitwa Nitrosua. Unaweza kupima kama bakteria wanafanya kazi: ng'oa mmea mmoja unapochanua, pasua vile vinundu vya mizizini. Ndani vikiwa na rangi ya waridi au nyekundu, kazi inaendelea. Vikiwa vyeupe au kijani, hakuna kitu.

Na viwavijeshi vamizi? Walifika Tanzania mwaka 2017, na jirani zetu wa Rukwa walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwaona. Bt huwapunguza, lakini sisi hatuna mbegu hiyo. Tunachoweza ni kupanda mapema na kwa pamoja, kukagua shamba mara mbili kwa wiki kuanzia mahindi yakiwa na majani machache, kuponda mayai na viwavi wadogo kabla hawajazama kwenye kikonyo, na kutumia dawa iliyoidhinishwa kwa ushauri wa afisa ugani. Kiwavi aliyekwisha zama ndani na kukua hafi kirahisi. Dawa unayomwaga wakati huo ni hasara juu ya hasara.

Mambo ya kufanya msimu huu

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa mbegu ni kinyume: asiyechagua ndiye anayejitia hasara. Haya ndiyo tunayopendekeza, na hayahitaji kusubiri uamuzi wa Dodoma.

Amua mbegu kwa mfuko wako. Kama una uwezo wa kununua mbegu na mbolea, chotara italipa. Kama huna uhakika wa mbolea, mbegu ya uchavushaji huru ni salama zaidi, na unaweza kuitunza. Usitoe eneo lote kwa aina moja. Acha hata robo ekari ya mbegu ya kienyeji unayoiamini. Ikipotea kwako na kwa jirani, hakuna duka litakalokurudishia.

Kagua mfuko. Nunua kwa muuzaji anayejulikana, angalia lebo ya TOSCI, kwangua namba iliyofichwa na kuihakiki kwa simu kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa hapo hapo kwenye lebo. Dai risiti na tunza mfuko mtupu hadi mavuno. Mbegu ikikataa kuota, huo ndio ushahidi wako.

Jaribu kabla ya kupanda. Weka punje 100 kwenye kitambaa chenye unyevu kwa siku saba. Zikiota chini ya 80, ama ongeza idadi kwa shimo ama tafuta mbegu nyingine.

Panda na mvua za kwanza za kweli, kwa mistari: sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya shimo na shimo, punje moja moja. Ekari moja inatumia kilo 8 hadi 10. Rudisha mabua shambani badala ya kuyachoma, na tumia samadi pale unapoipata. Jiandikishe mapema kwenye daftari la wakulima ili ruzuku ya mbolea isikupite.

Kausha na hifadhi. Kwa dunia nzima, FAO inakadiria kuwa kama asilimia 13 ya chakula hupotea kati ya kuvuna na kufika dukani. Kanda yetu ya magharibi inamjua vizuri dumuzi, ambaye aliingia kupitia Tabora na wakulima wakambatiza jina la "Scania" kwa kasi yake ya kumaliza ghala. Anika juu ya turubai, usianike kwenye ardhi tupu. Kupima ukavu, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi. Yakikauka, yaweke kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa au kihenge cha chuma. Gunia lililookolewa na dumuzi ni sawa na gunia jipya lililolimwa, na halikuhitaji ekari nyingine wala kinasaba.

Mwisho, uliza na ushiriki. Mjadala wa GMO haujaisha Afrika Mashariki, na siku moja utarudi mezani kwetu pia. Ukirudi, wakulima wa Litapunga wasiwe watu wa kuletewa uamuzi. Kwenye mkutano wa kijiji na mbele ya diwani, ulizeni mambo matano: tatizo gani linatatuliwa, nani amelipima katika udongo wa Katavi, nani anamiliki mbegu, nani atanunua mazao, na nani atalipa ikienda vibaya. Teknolojia inayoweza kujibu maswali hayo inastahili kujaribiwa. Isiyoweza kuyajibu ingoje, na kazi ya shamba iendelee.